Mume Wangu Ananilimia Lakini Amekatazwa Kuniongelesha

Shangazi Imakulata wa redioni, shikamoo. Naomba unisaidie kwa mapenzi ya Mungu, mimi ni mama wa mtoto mmoja anaitwa Recho, tunaishi Kasokola, mume wangu ni mpole hajawahi kuninyanyulia mkono, na tangu tuoane tunasali kwenye kikundi cha Mtumishi Elia, ambako dawa za hospitali ni dhambi na kila muumini anaungama mbele ya wazee. Sasa mvua zilipoanza Recho akashikwa na homa, akaombewa, akazidi kulegea, nikambeba kwa siri mpaka zahanati, wakampima wakakuta malaria, akapewa dawa akapona. Nilimwambia Baba Recho peke yake, hata maneno niliyosali pale kwenye foleni, "Mungu, kama umekasirika nikasirikie mimi, mtoto muache," naye akanikumbatia akalia.

Jumapili nikaitwa. Wazee wamekaa, mimi nimepigishwa magoti, Mtumishi anauliza, "Mtoto ulimpeleka wapi?" Nikasema kwa mama yangu. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Ndipo akaitamka ile sala yangu, neno kwa neno. Nikamtazama mume wangu, akainamisha kichwa, na hicho kiliniuma kuliko magoti.

Wakaamua mume wangu akae kwenye kambi ya kikundi, asiongee na mimi mpaka nisimame mbele ya watu niseme Recho aliponywa na maombi tu, kwamba sikwenda zahanati. Nimekataa. Lakini kila asubuhi anakuja shambani, ananisaidia kupalilia karanga bila neno, namwekea uji mwisho wa tuta, anakunywa, anaosha kikombe, anaondoka. Juzi Recho alimkimbilia, akambeba, machozi yakamtoka, akamshusha. Bado nampenda, Shangazi, ila nitamwambia nini tena kikabaki kwetu? Nikaseme uongo huo ili arudi, au nifanyeje?

Mama Recho, Kasokola

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na hongera kwa kumwokoa mtoto. Uongo huo usiende kuusema. Ukiusema, watakutaka useme na mwingine, na Recho akiugua tena utakuwa umejifunga mwenyewe.

Sasa nikugombeze kidogo. Unamwekea mtu uji, unamtazama anakunywa, unanyamaza? Aliyekatazwa kuongea ni yeye. Wewe nani kakuziba mdomo? Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Baba Recho, uliniumiza. Sala yangu nilikupa wewe, ukawapa wao." Kisha muulize walimfanyaje mpaka akasema. Huenda na yeye alipigishwa magoti na hakuna aliyempa pole. Simtetei. Kosa ni lake, na aombe radhi kwa mdomo, asidhani jembe litamwombea.

Waite wazazi wake wakae naye hapo hapo shambani, mbali na Mtumishi. Akitishwa kwamba hawezi kuondoka kambini, nendeni wote kwa mwenyekiti wa mtaa, bila aibu. Akirudi, siri zako usimpe zote kwa mkupuo. Anza na ndogo, uone kama inalala kwenu.

Na wewe Baba Recho, najua huko redio hairuhusiwi, ila jirani wa shamba atakufikishia. Mwanaume anayetoka kambini kila asubuhi kwenda kumlimia mkewe ameshahama kule siku nyingi, kilichobaki ni godoro lake. Kalichukue, baba, urudi nyumbani.