Glasi za Kando ya Dirisha

Mujukuu wangu Riziki,

Huku Baraka tuko muzima. Mama yako mudogo amerudi toka Lweba na ndakala, nyumba yote inanuka samaki. Unaniuliza namna ya kuhudumia bateja haraka mu ile buvette ya Bukavu kwenye unauzisha bia, mbele ya patron wako kukufukuza na makelele yake.

Mi niliuzisha bia kwa shangazi yangu, hapa hapa. Chupa za baridi ziliketi mukono wa kuume. Zenye haziko baridi, zenye bavuvi banapenda, chini ya meza. Kifungulio nilikifunga kiunoni na kamba. Sikuwa na haja ya kutembea. Ila glasi niliziacha mbali, kando ya dirisha, sababu babu yako alikuwa anaketi pale.

Shangazi aliona. Akazileta zote karibu yangu, akasema: "Sasa hautatembea tena bule." Roho iliniuma.

Kesho yake babu yako aliingia, akaangalia dirisha, akabeba kiti chake, akakuja kuketi karibu na glasi.

Basi panga bintu byote karibu, mama. Wa kwako atajua fasi ya kuketi.

Nyanya yako, mwenye bado anakunywa mu glasi moja ya zile za dirisha