Jina la Mzee Yoeun kwenye vichupa

Chanthou, uko hapo? Nimefanya ujinga mkubwa.

Unamkumbuka Mzee Yoeun, yule anayewafungia popo makuti ya miti ya mivumo juu ya nguzo walale, halafu anauza kinyesi chao kama mbolea? Mwezi uliopita nilipochukua mate ya popo wake yakapimwe virusi, nilitakiwa kuandika namba kwenye vichupa. Mimi nikaandika jina lake. Nilikuwa nimechoka, na si sote tunapaita pale kwa Yoeun?

Jina la mtu, Chanthou!

Leo majibu yametoka. Baadhi ya popo wana virusi vya korona, aina ambayo hatujawahi kuiona kwa binadamu. Mwenyekiti wa kijiji akaisoma karatasi ya majibu mkutanoni kama ilivyo: "Yoeun. Korona ipo."

Nikasimama kueleza kuwa ni popo, si yeye. Nani anisikilize? Mama anayeuza supu ya tambi akamwambia, "Mzee, kesho usije kwenye meza yangu." Meza hiyohiyo anayokula kila asubuhi.

Yoeun akainuka. Akaenda kwake, akachukua panga, akakata makuti yote. Miaka kumi na miwili aliyowafuga. Popo wakatoka mchana kweupe, wakavuka mto, na sijui wametua wapi.

Nilimfuata nimwombe radhi. Akafuta panga lake, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, sasa wewe popo utawapimia wapi?"