Waya juu ya mwarobaini, mkwe jikoni

Tinde, Jumamosi, Oktoba 1998

Joto. Asubuhi mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda zake upande wa Nzega. Vumbi ndilo lililobaki.

Leo sikuandiki kwenye daftari, shajara. Nakuandika kwenye kompyuta, ile ya kukunja yenye herufi tatu zilizofutika. Wazungu wa kambi ya kutafuta dhahabu kule Geita waliniachia walipofunga virago, pamoja na redio ya mawasiliano na kisanduku chake. Kwao nilikuwa fundi wa redio. Ufundi wenyewe nilijifunza kwa kuharibu redio za watu, moja baada ya nyingine, mpaka siku moja redio moja ikapona.

Kisanduku ndicho chenye maajabu. Unaandika barua kwenye kompyuta, kisanduku kinaigeuza kuwa mlio kama wa chura aliyekanyagwa, redio inaurusha hewani hadi kituo cha Mwanza, na kutoka Mwanza barua inaingia kwenye intaneti na kwenda popote duniani. Hakuna waya wa simu. Unahitaji betri ya gari na antena ndefu.

Nilipomweleza mke wangu, Mama Kulwa, yote haya kwa muda wa kutosha maharage kuiva, aliuliza swali moja tu.

"Itamfikia Masanja?"

Masanja ni mdogo wake wa mwisho. Yuko Urusi anasoma, au alikuwa anasoma. Miezi saba hajaandika. Kwao Didia mtu mmoja aliyetoka Dar es Salaam alisema amesikia kuna kijana wa Kisukuma amefariki huko kwenye baridi. Hakusema jina, lakini habari ya namna hiyo haikosi pa kukaa. Wiki hii ukoo umekubaliana: kama hakuna neno, Jumatatu wanakaa matanga. Msiba bila maiti.

Mama yake hakukubali wala hakukataa. Alifunga kanga zake mbili, akaja kwetu kusubiri mashine.

Sasa hapo ndipo pana shughuli. Mimi na mama mkwe hatuonani. Si ugomvi, ni heshima. Kwetu Usukuma mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Kwa hiyo tangu Jumatano yeye anapita mlango wa uani, mimi wa mbele. Yeye ana jiko, mimi nina sebule. Katikati yupo Mama Kulwa, akipeleka maneno huku na kule kama karani. Nyumba ina vyumba vitatu na tumeigawa kama mpaka wa nchi.

Wiki tatu zilizopita nilipeleka barua Mwanza kwa basi ili kituo kimtumie Masanja kwa anwani yake ya intaneti, tukimpa anwani yetu mpya. Kama angejibu, jibu lingetusubiri kituoni. Kituo kilinipa saa moja ya majaribio: leo, saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Mpango ulikuwa mimi nipande mwarobaini kusogeza antena, Mama Kulwa akae sebuleni aangalie taa ya kisanduku. Nyekundu, bado. Kijani, Mwanza imeshika.

Saa moja na nusu wakaja kumwita Mama Kulwa. Yeye ni mkunga. Mtoto hangojei intaneti.

Pacha wetu wako kwa shangazi yao Kolandoto. Jirani ameenda mnadani. Nilisimama chini ya mwarobaini na waya begani, nikahesabu watu waliobaki nyumbani. Nilikuwa mimi, alikuwa mama mkwe jikoni, na alikuwepo mbuzi amefungwa mtini.

Nikapanda. Njiani suruali ikanasa kwenye tawi, nikasikia inaachia nyuma. Mkwe mtu mzima, juu ya mti, juu ya kichwa cha mama mkwe wake, na suruali imechanika. Kama ningepanga kuvunja heshima yote kwa mkupuo, nisingeweza kupanga vizuri zaidi.

Saa mbili ikafika. Nikafanya jambo ambalo sikulifikiria kabla. Niliongea na mbuzi.

"We mbuzi," nikasema kwa sauti ya kusikika jikoni, "sebuleni hakuna mtu. Kuna kisanduku cheusi mezani, kina taa. Kama kungekuwa na mtu wa kuitazama, angenisaidia sana."

Kisha nikasikia kigoda kinaburutwa, na ndara zikaingia sebuleni polepole, kama zinazoingia kanisani.

"Mbuzi," ikasema sauti ambayo kwa miaka kumi na miwili nimeisikia kupitia ukuta tu, "aliye juu aambiwe taa ina rangi ya damu."

Nikavuta waya kuelekea barabarani.

"Damu bado."

Nikauinua kwa upondo.

"Damu, mbuzi. Na wewe usitazame juu, kuna mtu suruali imemshinda."

Karibu nidondoke. Nilijua mama mkwe ni mtu wa heshima. Sikuwahi kuambiwa kwamba ni mcheshi.

Tuliendelea hivyo nusu saa nzima. Jasho lilinijaa machoni, sisimizi wakanipanda. Nikaushusha waya kidogo upande wa Didia, wala si kwa ujuzi, mkono ulichoka tu.

"Mbuzi," akasema. "Imekuwa majani mabichi."

Chura akalia ndani ya redio. Nilifunga waya kwa fundo ambalo hata mimi sitaweza kulifungua, nikashuka. Nilipofika mlangoni sebule ilikuwa tupu, na jikoni vyombo vilikuwa vinaoshwa kwa nguvu, vilevile vilivyokwisha kuoshwa.

Kulikuwa na barua moja.

Nilisimama karibu na ukuta wa jiko nikaisoma kwa sauti. "Mimi ni mzima. Nilifeli mwaka, wakanihamisha mji, nikaona aibu kuwaandikia. Nikawa nasema nitaandika nikifaulu. Juzi nimefaulu. Naomba mnisamehe." Ikaendelea hivyo, mambo ya baridi na viazi, hadi mwisho.

Nilitarajia kilio, au kigelegele.

"Mbuzi," akasema, na safari hii hapakuwa na mzaha, "hii barua imeanzia tumboni. Kichwa chake kiko wapi? Mwanangu tangu ajue kuandika huanza na jina langu, lile nililopewa na baba yangu, ndipo aseme mengine. Mkwe wangu ni mtu mwema. Mtu mwema anaweza kutunga barua ili mama asinyoe nywele Jumatatu."

Alikuwa ameona sawasawa. Mstari wa kwanza nilikuwa nimeuruka. Pale juu Masanja alikuwa ameandika jina la mama yake, lote, kwa herufi kubwa, na mimi jina hilo sina ruhusa ya kulitamka. Sijawahi kulitamka. Hata kliniki, walipouliza jina la bibi wa watoto, nilimwita mke wangu aje ajibu.

Nilifungua mdomo. Nakiri, nilitaka kulitaja. Niliwaza: mtoto wake yu hai, heshima itanisamehe. Kosa la namna hiyo hulipwa kwa mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa pale anasikiliza.

Lakini nikaona jambo jingine. Nikilitaja, mimi nalijua. Na anayethubutu kulitamka anaweza pia kulitia kwenye barua ya kutunga; asiyethubutu hawezi.

Ndipo nikakumbuka kitu alichowahi kunisimulia Mama Kulwa, kwamba zamani, enzi za elimu ya watu wazima, mama yake alihudhuria darasa msimu mmoja. Akajifunza kuandika jina lake. Kisha mvua zikaanza, akarudi shambani, hakuendelea.

Nikakuza maandishi mpaka mstari wa kwanza ukajaza kioo. Nikaigeuza kompyuta itazame mlango wa jikoni. Nikatoka kwa mlango wa mbele.

"Mbuzi, naenda kukaza waya upande wa barabara. Nitakawia. Mezani kuna barua, sijaigusa."

Nilizunguka nyumba, nikashika waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Ndara zikaingia. Kigoda kikaburutwa. Halafu kwa muda mrefu hapakuwa na sauti yoyote, nikaanza kuogopa kwamba amesahau, maana miaka ni mingi.

Kisha akaanza. Silabi moja. Akangoja. Silabi ya pili. Alikuwa anasoma kama darasani, akiivuta kila moja hadi mwisho ndipo aishike nyingine. Alipofika mwisho akarudia, akaliunganisha. Mara ya tatu akalitamka moja kwa moja, jina zima, kama mtu anayejiita kutoka mbali.

Ni jina zuri. Siliandiki humu.

Baada ya hapo alilia, na mimi nikakaza waya.

Mchana alimtuma mtu wa baiskeli Didia kuwaambia matanga hakuna. Mama Kulwa alirudi saa tisa, amechoka, ana furaha (mtoto wa kike, kilo tatu), akakuta mama yake anaimba huku anasonga ugali. Tulimweleza habari kuu kila mtu upande wake wa nyumba. Akakaa chini sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja. Aliuliza nani aliangalia taa. Nikakwepa, nikasema waya uliniwia rahisi. Hakuuliza zaidi, alikuwa kwenye siku ya furaha.

Jioni alisimama mlangoni katikati ya jiko na sebule, kazini kwake kama kawaida.

"Mama anataka Masanja aandikiwe jibu. Anasema kufeli si kufa, asirudie tena kunyamaza."

Nikaandika.

"Anasema pia umwandikie kwamba barua yake ameisoma mwenyewe." Mama Kulwa akakunja uso, akageuka kuangalia jikoni, akanigeukia tena. "Baba Kulwa, mama kasomaje?"

"Wewe niambie alivyosema," nikajibu.

Nikaandika kama alivyosema.