Usiache Chuo kwa Sababu ya Mshahara wa Kaka Yako

Nyanchwa,
Kisii.
14 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Maureen,

Habari za Embu? Kile kifua chako kimepona? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, lakini bado anachuma majani chai kule Nyacheki na hataki kuambiwa apumzike.

Mdogo wako Purity ameniambia unataka kuacha chuo cha uuguzi, eti karo tuliyokutumia imemletea kaka yako Manasseh shida kazini. Ngoja kwanza nikueleze.

Miezi miwili mfululizo, duka la simiti analoendeshea lori lilimlipa zaidi. Manasseh alidhani ni ovataimu, maana walifanya kazi hata Jumapili. Pesa hizo ndizo alizokutumia. Mwisho wa Agosti mshahara haukuingia kabisa. Karani akamwambia umekatwa wote kufidia zile zilizozidi kimakosa.

Kilichoniuma zaidi ni kumwona yeye. Hata kanisani aliacha kwenda, akisema watu watamwona mwizi. Nikamshika mkono tukaenda ofisi ya serikali ya mambo ya kazi hapa mjini.

Jambo la kwanza aliloliuliza ni, "Nitafungwa?"

Mama aliyetuhudumia akamvutia kiti. "Hukuiba, baba. Zilizozidi ni zao, wana haki ya kuzikata. Lakini sheria hairuhusu wachukue mshahara wote. Angalau theluthi moja lazima ikufikie."

Tulitoka hapo akiwa ameinua kichwa. Alienda moja kwa moja kwa tajiri wake, Mzee Obwocha, nami nikasimama mlangoni.

"Nitarudisha zote, mzee," akamwambia. "Lakini kateni kidogo kidogo. Watoto wangu wanakula kila siku."

Obwocha akasema hakujua kama karani amekata mshahara wote. Jioni hiyo sehemu ya mshahara ikaingia. Deni linalobaki litakatwa polepole hadi Januari. Tutabana matumizi, lakini hatulali njaa.

Jana Sabato alivaa lile koti lake la buluu, akaimba besi hadi binti yetu Bosibori akaziba masikio. Tukirudi nikamuuliza kama anajuta kukutumia pesa zile. Akasema, "Ningejua zimezidi, ningezirudisha siku hiyo hiyo. Halafu ningemtafutia Maureen zingine."

Kwa hiyo soma, wifi. Usipande gari kurudi huku kabla ya Desemba.

Mama, Purity na Bosibori wanakusalimu. Mungu akulinde wodini na bwenini.

Mimi wifi yako anayekupenda sana,
Drusilla