Kazi Yetu ya Nyumba za Msiba

Iyunga, Mbeya
20 Mei 1956

Mpendwa mdogo wangu Yotamu,

Hujambo huko migodini Kitwe? Kifua chako je? Sisi huku tunapumua, tunakula. Baridi imeanza, viazi vimekubali.

Masika ilisimamisha kazi ya barabara, vibarua wote tukarudishwa nyumbani. Njaa ikatubana. Wakati ule fundi cherehani alifia chumba cha uani kwa Harilal, yule mwenye duka. Walimzika, lakini chumba kila mtu alikiogopa. Harilal akaomba watu wakisafishe, wakakataa. Mimi nilimuuguza mama Sekela mpaka mwisho, nitaogopa chumba? Nikaingia na dada yetu Rozalia na binti yangu Sekela. Tukachoma godoro, tukachemsha mablanketi, tukasiriba sakafu upya.

Basi ikawa ndiyo kazi. Akifa mtu, tunaitwa. Tunapewa mahindi, mara kuku.

Lakini maneno! Kisimani wanawake wanamwambia Rozalia, "Wewe mfagia mizimu, chota mwisho." Naye anawajibu, "Sawa, siku yenu ikifika fagieni wenyewe."

Mimi maneno hayaniumi. Kilichoniuma ni Sekela. Jailos, utingo wa lori, anataka kumuoa, na Sekela anamtaka. Mama yake Jailos, Paskalina, Mhehe wa Iringa aliyeolewa hapo jirani Mbalizi, alikuja kutuona. Chai hakugusa. Akasema, "Mwanangu haoi kwa watu wanaoshika matandiko ya wafu." Akaondoka.

Sekela alilia. Nikamwambia tuiache hii kazi. Akasema, "Tukiiacha tutakula nini, baba?"

Mwezi uliopita mama mkwe wa Paskalina akafa kwa kifua, mle mle nyumbani kwa Paskalina. Walipomaliza kuzika, ndugu wote wakalala nje. Paskalina akaja kwetu, akasimama uani.

"Baba Sekela, nimekuja. Msinicheke."

Rozalia akacheka. Nikamwambia anyamaze, tukaenda.

Tulipofanya kazi, Paskalina alisimama mlangoni, khanga puani. Sekela akaanza kusiriba. Yule mama akatazama, akatazama, akashindwa.

"Udongo gani huo, maji matupu? Kesho umepasuka!"

Akajifunga khanga kiunoni, akaingia, akapiga magoti karibu na Sekela, mikono kwenye udongo na mavi ya ng'ombe.

"Kwetu Iringa tunakanda hivi. Ukija kwangu sitaki sakafu ya nyufa."

Mimi sikuelewa haraka. Rozalia alielewa. Akapiga vigelegele, Yotamu, ndani ya nyumba ya msiba! Wazee nje wakainuka na fimbo, wakadhani tumerukwa na akili. Paskalina akawatokea, udongo mpaka viwiko.

"Kaeni chini! Namfundisha mkwe wangu kazi."

Wakakaa.

Harusi ni kanisani, matanga yakishaisha na mahindi yakishavunwa. Omba ruhusa uje. Mimi kuongea mbele ya wakwe sijui, wewe unajua.

Dada Rozalia anakusalimu sana, Sekela pia. Msalimie shemeji Tupokigwe na watoto. Mungu akutoe salama chini ya ardhi kila siku.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Sedekia