Theluji ya Paa la Kaka

Nuristan, tarehe 9, mwezi wa Dalwa

Kaka Zarin,

Salaam aleikum. Hujambo, na shemeji hajambo? Sisi wazima, ila Mama kikohozi hakimwachi. Barua hii nimeifunga kwenye kiatu nikairusha uani kwako, maana kwa mdomo hatusemezani.

Theluji imeanguka tangu jana bila kupumua, njia ya bondeni imefungwa. Nawe, kwa kuwa nyumba yako iko juu ya yangu mlimani, unaikwangua ya paa lako na kuimwaga juu ya langu! Boriti inalia juu ya kitanda cha Mama. Hasira zako ni kwangu, yeye kakosa nini? Niondolee mzigo huu. Goti langu unalijua, koleo siliwezi.

Mdogo wako,
Nasrat

9 Dalwa, jioni

Nasrat,

Aleikum salaam. Tu wazima. Mama mpe pole. Kiatu chako kimempiga mbuzi wangu.

Paa lako ndio ua wangu tangu enzi za babu. Nimwage wapi, mfukoni? Ulimchukua Mama ukatangazia kijiji kizima kwamba kwangu kuna baridi. Haya, mlete. Chumba chake nakiwasha moto kila siku na hakuna anayelala humo. Akifika, nitakwangua mapaa yote mawili.

Kaka yako,
Zarin

10 Dalwa

Kaka,

Salaam. Afya tutaulizana baadaye. Mama si gunia la unga la kupokezana. Simleti ng'o! Boriti imepasuka, nimeikingia gogo, na usingizi sina kwa hofu. Ikimwangukia, utamzika wewe.

Mdogo wako, kwa bahati mbaya,
Nasrat

11 Dalwa

Kaka,

Salaam. Alfajiri nimesikia vishindo juu, nikasema huyo kaja kutumalizia. Mama akasema, "Nyamaza, huyo ni Zarin, anagombana na koleo." Na kweli, paa tupu, theluji hakuna! Ahsante, kaka, nimelia.

Lakini theluji yote umeishushia mlangoni kwangu. Tumefukiwa. Limebaki tundu la paa tu, nalo linatokea uani kwako.

Mdogo wako,
Nasrat

11 Dalwa, mchana

Nasrat,

Salaam. Ilikuwa haraka tu, bahati mbaya. Ngazi nimeshaiteremsha tunduni, na shemeji yako kainjika chai. Mpandishe Mama.

Kaka yako,
Zarin

11 Dalwa, sasa hivi

Kaka,

Mwongo mkubwa wewe, bahati mbaya gani hiyo! Mama amecheka mpaka kikohozi kimemshika. Anasema hapandi ngazi yoyote mpaka uingie mwenyewe umbebe, kwa kuwa mwaka wa pili huu hujakanyaga hapa kumsalimia. Mimi nitakaa kando ya jiko, neno sisemi.

Shuka upesi. Mbingu imeanza kumwaga tena, na mimi nimekukumbuka.

Mdogo wako,
Nasrat