Vibuyu Vilivyoninyima Harufu

Jumanne, 2 Machi 1954. Isingiro
Aibu! Mgeni wa mume wangu Muhangi ameonja maziwa, akaweka kibuyu chini. Hakugusa tena. Mgeni kuacha maziwa, nyumbani kwa wafugaji! Mama mkwe akakinusa, akasema kinanuka uvundo, hakikufukizwa moshi wa kukipa harufu nzuri. Nilikifukiza mwenyewe asubuhi, moshi ukanitoa machozi! Anasema siku hizi nimekuwa mvivu, nadharau ng'ombe wa mwanawe. Mvivu, mimi Yudesi! Nimelia kwa hasira.

Ijumaa, 12 Machi
Kichwa kinauma kila nikiamka. Jicho la kushoto lina ukungu, na la kulia limeanza. Leo nimemwaga maziwa ya Bihogo, ng'ombe wetu bora. Mganga wa zahanati kasema nisicheze na macho — niende Kampala.

Jumamosi, 3 Aprili. Kampala
Tulivuka mpaka pale Murongo, lori hadi Mbarara, lori tena. Muhangi kabaki na ng'ombe, kwa hiyo nimekuja na mama mkwe. Kanung'unika njia nzima.

Daktari kanifumba macho, kaniwekea vitu puani nivitaje. Sikujua hata kimoja! Kumbe ni karafuu, sabuni, kahawa. Kahawa! Nami nilidhani ni mafua yasiyoisha. Mama mkwe alikuwa pale pale. Kamuuliza daktari, muuguzi akitafsiri: pua imekufa tangu lini? Huenda miaka, kajibu.

Mama mkwe katoka nje. Karudi macho mekundu. "Mwanangu, nimekutukana bure."

Bure kabisa! Nilitaka kumwambia hivyo. Nikamshika mkono tu.

Jumatano, 7 Aprili
Picha ya eksirei imetoka. Kuna uvimbe juu ya pua, chini ya ubongo, mkubwa kama yai. Ni nadra, daktari ameuona mara chache tu. Si saratani, hausambai. Ila umekua polepole, umeua mishipa ya kunusa, sasa unabana ya macho. Ukiachwa, nitapofuka. Wakifungua mfupa wa paji la uso wautoe, macho yanaweza kupona. Harufu ndiyo basi, hairudi.

Naogopa sana. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 13 Aprili
Wameninyoa. Mama mkwe kasema kichwa changu kizuri, angejua angeongeza ng'ombe wa mahari. Upasuaji kesho. Bwana, nishike.

Jumatatu, 26 Aprili
Niko hai! Naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Uvimbe umetoka wote. Jicho la kulia linaona vizuri. La kushoto, daktari kasema tungoje.

Leo mama mkwe kaingia na kibuyu, sijui kakipata wapi mji huu. Kakifukiza nyuma ya jiko la hospitali, wapishi wakamfukuza! Anasema tukirudi nyumbani nitafukiza mimi, atanusa yeye, na mgeni yeyote hatajua. Nimecheka hadi mshono ukauma.

Kakiinua mbele yangu. Kifuniko kimesukwa kwa mistari myeusi, naihesabu. Nikafunika jicho la kulia kwa kiganja. Ukungu mtupu. Kisha, ndani ya ukungu, kitu cheusi, kimepinda kama mstari wa kifuniko.

Nimemwambia asikisogeze. Bado amekishika. Ngoja nifunike tena —